Pipi za Idi kwa Bibi Asiyekula Nyama

Kabla hatujatawanyika, nivumilieni kidogo. Nawapa mfano, na ni mfano tu, msije mkatoka hapa mkaanza kunyoosheana vidole kwamba ni fulani wa mtaa wa pili.

Palikuwa na mama mmoja, Mwislamu mzuri, swala tano hazimpiti. Alikaa ghorofani, ukuta kwa ukuta na bibi mmoja wa Kihindi, mjane, ameshika dini yake ya Kihindu barabara. Bibi huyu hali nyama. Hali kuku, hali samaki, hata yai haligusi. Jengo zima linajua.

Siku moja yule mama akateleza ngazini, akavunjika mguu, akalazwa wiki sita. Mumewe yuko safarini. Nani atamlea binti yake wa miaka minne? Bibi hakungoja kuombwa. Alimchukua mtoto, akamwogesha, akamsuka, akamlisha dengu na chapati. Mama mtu aliporudi alimkuta binti kanenepa, mashavu hayo! Mama akalia. Akasema moyoni, huyu mimi nitamlipa nini?

Idi ilipokaribia akaenda dukani kumtafutia zawadi. Akazipenda pipi zile laini, za kutafuna, kwenye boksi lenye utepe. Lakini mama yule si mjinga. Anajua pipi laini hutiwa jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya mnyama iliyochemshwa. Akavaa miwani, akaligeuza boksi.

"Hii jelatini ya nini? Isije ikawa ya nguruwe!"

"Astaghfirullah, mama! Ya ng'ombe hiyo, tena kachinjwa kwa bismillahi. Muhuri huu hapa, tazama."

Roho ikatulia. Akachukua boksi kubwa kuliko yote, akampelekea bibi, akamsimulia alivyomhoji mwenye duka. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka kabatini.

"Nitakula baadaye, mwanangu."

Mnacheka? Nawaona mnavyocheka huko nyuma. Kamkimbia nguruwe, kampelekea Mhindu ng'ombe! Lakini mama mwenyewe hakucheka, maana hakujua. Kwake yeye nyama ni ile inayoning'inia buchani. Idi iliyofuata akapeleka boksi jingine. Ya tatu hivyo hivyo, ya nne hivyo hivyo. Kila mara anavaa miwani, anauliza swali lile lile, anatoka dukani kifua mbele.

Baada ya hapo bibi akaitwa na mwanawe akaishi naye mji mwingine. Siku ya kuhama, mama akaenda kumsaidia kufunga mizigo. Akafungua kabati la jikoni. Lo! Maboksi manne, moja juu ya jingine, tepe zake hazijafunguliwa.

"Bibi! Hizi si zile nilizokuletea?"

Bibi akainamisha kichwa. "Ndizo, mwanangu. Zina ng'ombe ndani, mimi siwezi kula. Na kuzitupa nimeshindwa, zimetoka kwako."

Mama aliona haya mpaka masikio yakamchoma. "Sasa mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukizileta. Halafu na wewe hukuniuliza. Ulimuuliza mwenye duka."

Mama akashuka ngazi mbio na mguu wake ule ule. Akazunguka maduka matatu: nataka pipi zisizo na jelatini ya mnyama yeyote. Wa kwanza akamtolea za ng'ombe. Wa pili akamtolea za samaki, akaapa kwamba samaki si nyama. Wa tatu akasema maandishi ni ya Kichina, hajui kilichomo. Akarudi mikono mitupu, anahema, akaketi juu ya sanduku la bibi. Hapo ndipo alipouliza, kwa mara ya kwanza.

"Bibi, kwani wewe unapenda nini?"

Bibi akacheka. "Kashata zako. Kila ukipika harufu inanifikia hapa. Nazi, sukari, iliki. Idi zote hizi nilikuwa nangoja uniletee hizo."

Kashata! Zile anazompikia binti yake kila wiki, zile alizoziona duni, si za kumpelekea mtu wa heshima. Akaingia jikoni kwake, akakuna nazi. Bibi akala tatu, za moto, kasimama katikati ya mizigo, na gari la kumchukua linapiga honi chini.

Ndugu zangu, mama huyu kakosea wapi? Nia yake safi. Pipi zake halali. Muhuri upo. Ila muhuri ule ulimhakikishia yeye, haukumhusu bibi hata kidogo. Alikagua boksi kana kwamba atakayekula ni yeye.

Nasi ndivyo tulivyo. Mzazi kule kijijini anataka kusikia sauti yako, wewe unamtumia blanketi la tatu. Mgonjwa wa sukari tunakwenda kumjulia hali na kreti ya soda. Mke kachoka, anataka mtu wa kumsikiliza, mume kaleta kitenge, tena cha rangi anayoipenda yeye mume. Tukiambiwa ahsante, tunaamini tumefika. Je, unajua ahsante ngapi ulizopewa zimefungiwa kabatini? Na mimi ninayewasemesha msidhani nimesalimika. Jirani yangu wa mkono wa kulia nimekaa naye mwaka wa sita, nikiulizwa anakula nini nitababaika mbele yenu.

Bibi yule alikula kashata siku moja tu, siku anayoondoka. Mlango wake sasa una kufuli. Wa jirani yako bado uko wazi, na Idi ni wiki ijayo. Basi mkiinuka hapa, dukani msiende kwanza. Nendeni mkapige hodi, mkaulize.