Kofia ya Chui, Mlinzi wa Sardi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo mawingu yalishuka kupumzika mabondeni kama ng'ombe walioshiba, palikuwa na mji wa Sardi juu ya mwamba mrefu. Simba aliuteka mji huo kwa mabavu, akaifungia ndani chemchemi pekee ya nchi ile.

Wanyonge wakabaki chini, hawana maji. Mama Pimbi, mdogo kuliko wote, alikuwa na watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu.

"Mama, tutakunywa lini?"

"Leo hii hii," akawajibu. Moyo ulimuuma, maana hakujua atapitia wapi.

Huko juu, walinzi walikaa langoni tu. Upande wa jabali haukuwa na mtu. "Nani apande huku? Labda upepo!" walicheka. Tena kila adhuhuri wakishakula, mji mzima ulilala fofofo, walinzi na mfalme wao.

Mama Pimbi akaenda chini ya jabali. Akamwona Chui, mlinzi mmoja, ametoka langoni, amesimama ukingoni akipunga upepo, kofia yake ya shaba ikimetameta ndani ya ukungu.

"Shikamoo, Bwana Chui! Kofia nzuri, ila imekupwaya."

"Imenipwaya? Mimi?"

"Ukiinama itaanguka."

"Thubutu! Haianguki!"

"Haya, inama tuone!"

Chui akainama. Ngla! Ngla! Ngla! Kofia ikabingirika hadi chini.

"Ole wangu!" Kwa desturi ya Sardi, mlinzi asiye na kofia hapewi chakula, na harufu ya nyama ilikuwa imeshamfikia puani. Chui akaangaza huku na huku, akashuka kwa kijia cha siri, akikanyaga ufa huu, akishika jiwe lile. Akaokota kofia, akarudi vilevile. Mama Pimbi, amejibanza kichakani, alitazama kila alipokanyaga.

Adhuhuri ikafika. Sardi ikalala, hata nyuki wakavuma kwa uvivu. Mama Pimbi akapanda polepole, akikanyaga palepale alipokanyaga Chui. Akapita katikati ya makucha na mikoromo, khoroo, khoroo! Akaondoa komeo la lango. Kwiii!

Nyati, swala, digidigi na wanawe watatu, aliokuwa amewaambia wangoje nje ya lango, wote wakamiminika ndani.

Simba akazinduka, akaona uwanja umejaa pembe.

"Mmepita wapi?" akanguruma.

"Pale msipopalinda, mzee," akasema Mama Pimbi bila kugeuka. Alikuwa akiwanywesha wanawe kwa viganja.

Simba akazitazama zile pembe, akaona ni nyingi mno. Akaondoka mjini kimya kimya na walinzi wake.

Basi shikeni hili, wanangu: anayejiona hawezi kuanguka ndiye hasa anayepaswa kukesha.