Sheria ya Asiyechimba

"Nabisha hodi na ngano!"
"Ingia nayo, tumekaa!"

Ilikuwa Jumanne, saa tatu unusu asubuhi, kiangazi cha mwezi wa tisa. Jua kali, wingu hata moja hakuna. Wanyama walikusanyika kwenye lambo lao. Kila Jumanne ilikuwa siku ya msaragambo: wenye nguvu huchimba tope, kisha wote hunywa, wazee na wagonjwa wakiwemo. Katibu wao alikuwa Pimbi, mdogo kuliko wote, na siku hiyo alikuja na mama yake kipofu.

Kiboko, ambaye hushinda majini kutwa, akaibuka. Puuuh! Akapanda ukingoni.

"Ndugu zangu, mnawachimbia hata akina Nungu, waliohamia juzi tu? Tupige kura: asiyechimba, asinywe!"

"Kweli bwana," akaguna Ngiri, "mgongo wangu umekwisha."

Wengi wakapiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya Kiboko. Upande wa pili wakabaki Nungu wachache, na Pimbi aliyemshika mama yake mkono. Alijua kwamba sheria ile ikidumu, mama hatafika Ijumaa. Alijua pia kwamba kulia hakutauvunja mstari. Akafungua daftari.

"Mzee Kiboko, niandike sawasawa. Asiyechimba?"

"Asinywe!"

"Na kuoga?"

"Asioge!"

"Hata kulowesha mguu?"

"Hata ukucha, we kidudu! Andika!"

Pimbi akaandika, akapiga muhuri: po! "Imepita. Sasa nasoma waliochimba mwaka huu. Nungu, Jumanne thelathini na sita. Ngiri, thelathini na moja. Kiboko..." Akageuza kurasa, moja moja, mpaka ya mwisho. "Kiboko hayumo."

Kicheko kikalipuka. Kiboko akaligeukia lambo. Nungu wakamzibia njia, miiba wima, chwaaa!

"Mimi ni mkubwa wenu!"

"Ukubwa haukuandikwa, mzee."

Saa sita, ngozi ya Kiboko ikakauka. Saa saba, ikapasuka: pa! pa! Lakini sheria ilimbana na mama yake Pimbi.

"Mwanangu, koo linawaka."

"Vumilia, mama. Nami sinywi."

"Mpe tone basi, Katibu," akanong'ona Ngiri, haya zimemjaa.

"Si uliipigia kura, kaka? Nikimpa yeye, nimempa na Kiboko."

Saa nane na dakika ishirini, Kiboko akaanguka magotini. "Ifuteni!"

"Tuandike nini badala yake?"

"Chochote!"

"Sema nami: kila mmoja achimbe kwa nguvu zake, anywe kwa kiu yake."

Akasema. Mstari ukahamia kwa Pimbi, Ngiri mbele. Mama akanywa wa kwanza. Kisha Kiboko akaingia majini, akaanza kuzoa tope kwa kinywa chake kipana, huku Pimbi akihesabu.

Funzo lake, wasikilizaji (mbona mnacheka?), liko wazi: kila mtu ajitegemee, wala asimtazamie mwenzake. Ngano imeaga, apendaye aisindikize. Na anayelibishia funzo langu, akapime tope alilotoa Kiboko siku ile: makapu mia mbili na kumi na saba.