Droo Zilizoandikwa Chaki

Leo wakulima wa mifano ya mahubiri nimewapumzisha. Mpanzi na mbegu zake nimempa likizo, na mchunga kondoo naye akalale. Mmewazoea mno, mnajua mwisho wao kabla sijafungua mdomo, na mtu akishajua mwisho huanza kusinzia. Leo nina fundi wa taa.

Fundi huyu alifanya kazi katika ukumbi mmoja mkongwe wa maigizo. Nyuma ya jukwaa palisimama kabati la chuma, refu kuliko mtu, limejaa droo kama kabati la nguo. Kila droo ilikuwa dima, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga wa taa yake: hii ya katikati ya jukwaa, hii ya pazia, ile ya korido, zile za ngazi wanazopanda watazamaji kwenda viti vya juu. Kabati lilikuwa limechoka. Feni zake zilikohoa. Na droo za namna ile hazikutengenezwa tena popote, kwa hiyo iliyokufa haikuwa na mrithi.

Siku moja, katikati ya mazoezi, taa kubwa ya jukwaa ikazimika. Ile inayomwangukia mhusika mkuu anapoolewa au anapokata roho. Fundi akachomoa droo yake, akachomoa na ya korido, akaipachika ya korido pale pa kwanza. Taa ikawaka. Sasa niambieni, ukitoa droo ukaweka nyingine na taa ikawaka, mbovu ni ipi? Ni ile uliyoitoa. Nami ningesema hivyo, nanyi mngesema hivyo, msijifanye. Akachukua chaki, akaiandika droo ile IMEKUFA, akaitupa kwenye boksi chini ya kabati. Wenzake walikuwa wamelibatiza boksi hilo makaburini.

Muda si mrefu taa ileile ikazimika tena. Akachomoa droo nyingine ya korido. Ikawaka. Chaki, makaburini. Ikazimika tena. Korido zikaisha, akahamia ngazini. Alianza na ngazi za pembeni, wanakopita wachache. Fundi hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Alikuwa na hesabu moja tu kichwani: jukwaa likizima, kila mtu anaona. Ngazi ikizima, anaona anayepanda tu. Na ni nani aliwahi kuipigia ngazi makofi?

Jukwaa likang'aa. Waigizaji wakamwita mchawi wa taa, na yeye akajifanya halimfurahishi.

Mke wake alifanya kazi ukumbi huohuo. Kazi yake kupokea watu mlangoni, kuwapandisha ngazi na kuwaonyesha viti. Mchana mmoja akamfuata kwenye chumba cha taa, kandambili mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba.

"Baba Tusekile, kule juu giza."

"Nitaangalia."

"Utaangalia na macho gani? Yote yako jukwaani. Jana nimemkumbatia mzee wa watu kiunoni ngazi nzima, mkewe nyuma ananisonya."

Fundi akacheka. "Si una tochi ya simu?"

"Ninayo. Na mkono mmoja wa tochi, na mmoja wa mzee. Wa kushikia ukuta nimwazime nani?"

"Mama Tusekile, watu wanakuja kutazama jukwaa. Hawaji kutazama ngazi."

"Kwani hapo kwenye kiti wanafikaje? Wanapitia dirishani?"

Fundi akageukia kabati lake, akasema tena, "Nitaangalia." Ninyi wake mliokaa hapo mnalijua neno hilo. Lina umri wa ndoa zenu.

Lakini kusema kweli, kuna kitu alikuwa amekiona. Kila alipochomoa droo ya taa ile kubwa, nafasi yake ndani ya kabati ilitoa harufu ya kuungua, na ukingo wake ulikuwa na doa la kahawia lililozidi kukua. Nafasi nyingine hazikuwa na doa. Fundi wa miaka mingi akiona doa kama lile hujiuliza: mbona wote wanafia kitanda kimoja? Swali hilo lilimjia. Lakini kulijibu kulitaka azime swichi kuu, afungue mgongo wa kabati, akague nyuma ya nafasi ile, na siku hiyo pasiwe na onyesho.

Akamgusia mkurugenzi wa ukumbi. "Bosi, nikipata siku moja ya kuzima kabati lote..."

"Kuzima?" mkurugenzi akasema. "Tubandike nini mlangoni, Fundi? Kwamba tumezeeka? Hebu tazama jukwaa lako linavyowaka! Unatafuta ugonjwa kwa mtu anayecheza ngoma?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Na mjue jambo moja la aibu: alishukuru kukataliwa. Kwa maana kama angeruhusiwa, watu wangejua kwamba mchawi wa taa ana kabati bovu. Akaelekeza feni ya mezani kwenye lile doa, harufu ikapungua, na dhamiri nayo ikapata upepo.

Ikaja Jumamosi ya onyesho kubwa la mchana, na mgeni rasmi, na viti vya juu vimejaa hadi ukutani. Asubuhi yake taa kubwa ikazimika. Fundi akatazama kabati. Ngazini ilikuwa imebaki droo moja tu, ya taa ya kichwani kabisa pa ngazi kuu. Hapo ndipo mke wake huanzia kuwashusha watu. Akaichomoa. Hakumwambia. Alijisemea, yule anazijua ngazi zile kwa nyayo.

Onyesho likaenda kama maji. Mwisho watu wakasimama, makofi hayakatiki, mgeni rasmi akapanda jukwaani kushikana mikono na waigizaji. Waliokaa juu wakaanza kushuka ili wawahi mlango. Kwenye redio ya masikioni sauti ya mkurugenzi ikasema, "Fundi, washa ngazi, watu wanatoka."

Fundi akapandisha kijiti cha ngazi kwenye meza ya taa, ile inayoziamuru droo za kabati. Kikapanda vizuri sana, hadi mwisho. Ngazini hakikuwaka kitu.

"Fundi! Ngazi!"

"Hazipo, Bosi."

"Hazipo vipi? Basi pandisha jukwaa lote, mwanga utawafikia!"

Akapandisha. Vijiti vyote, hadi juu. Ukumbi ule haukuwahi kung'aa vile tangu ujengwe. Na watu mnawajua: mwanga ukizidi, kila mtu hugeuka kuutazama. Waliokuwa wakishuka ngazi kuu wakageuza shingo kuelekea jukwaani, macho yakajaa mwanga ule, na miguu ikaendelea peke yake gizani. Chini yao alikuwepo mke wa fundi. Alikuwa akishuka kinyumenyume, uso wake kwao, mkono mmoja umemshika mzee, mwingine unamulika vidole vya miguu ya mzee huyo ili asikosee kukanyaga. Wa nyuma akakosa ngazi, akamwangukia wa mbele. Wa mbele akamwangukia mwingine. Wakaja wote.

Fundi alisikia kishindo. Alidhani ni makofi yameongezeka. Akaacha taa juu, akatabasamu.

Mzee alinusurika, kwa sababu aliangukia juu ya mtu. Mtu huyo alizikwa Jumanne.

Ndipo ukumbi ukafungwa. Siku moja iliyokosekana ikapatikana, tena si moja. Fundi akaingia peke yake, akazima swichi kuu, akafungua mgongo wa kabati. Akamulika nyuma ya lile doa. Pale palikuwa na skrubu moja inayobana waya kwenye meno ya shaba yanayopokea droo katika nafasi ile. Ilikuwa imelegea. Akaukwangua waya masizi, akatia bisibisi, akazungusha kidogo. Ikakaza. Kazi ya muda wa kunywa chai.

Kisha akawaza jambo, na natamani asingeliwaza. Akarudisha swichi, akachukua kwenye boksi droo moja iliyoandikwa IMEKUFA, akaipachika. Taa ikawaka. Akachukua nyingine. Ikawaka. Akazijaribu zote za makaburini, moja baada ya nyingine, na zote zikawaka, safi, bila kupepesa.

Mmeelewa? Hapakuwa na droo iliyokufa. Hata ya kwanza. Kila aliposukuma droo mpya kwa nguvu, ule msukumo uliubana waya uliolegea, ukakamata kwa muda, naye akadhani amepata nzima na ametupa mbovu. Angeirudisha ileile ingewaka vilevile. Zile za korido zilichomolewa bure. Za ngazi zilichomolewa bure.

Akafuta chaki kwa kiganja, akazirudisha zote mahali pake, na ngazi zikawaka kuanzia chini hadi juu. Hakukuwa na mtu wa kuzipanda.

Sasa tuongee sisi. Msiniangalie kana kwamba hamna kabati. Yupo ndugu hapa ambaye sala yake hutuliza kusanyiko zima, na wanawe wakisikia viatu vyake mlangoni huingia chumbani wakajifanya wamelala. Uvumilivu anao, lakini ameuchomoa nyumbani akauleta hapa mbele, tunapomwona. Yupo dada ambaye simu ya kila mshirika huipokea kwa upole, na ya mama yake huiacha ilie. Jukwaa linang'aa, tunawasifu, na sisi tunaowasifu ni yule mkurugenzi.

Na chaki tunayo. Mke huyu hafai, kaandikwa. Mtoto huyu kashindikana, kaandikwa. Msaidizi wa kazi wa tatu mwaka huu, naye mbovu kama waliomtangulia. Wote wanafia mahali pamoja, harufu ya kuungua tunaisikia, nasi tunaelekeza feni. Hatutaki kuzima swichi kuu siku moja tujikague mgongoni, maana watu watasema nini? Tunadhani tumepungukiwa na watu wazuri, kumbe kilichopo ni skrubu iliyolegea, na skrubu hiyo iko ndani yetu.

Nyumbani kwako kuna mtu umemwandika chaki. Sitaki umwombee. Tumeshamwombea vya kutosha, na kwa sauti. Nenda ukamrudishe mahali pake, ukaze kilicholegea kwako, kisha uone kama hatawaka. Fanya hivyo leo, angali yupo anayeshuka ngazi kinyumenyume ili wewe usianguke.