Kikundi cha Toa Mbili

Wapendwa, hebu kila mmoja amwangalie jirani yake miguuni. Usimwangalie usoni, usoni mmeshajipaka mafuta na mmejipanga vizuri. Mwangalie miguuni. Yuko mtu humu ndani ambaye kiatu kinambana tangu wimbo wa kwanza, na bado anatabasamu. Mfano wa leo ni wake.

Palikuwa na binti mmoja katika mji wa mawe. Nikisema mawe sisemi kokoto. Nasema majabali marefu kuliko mnara wetu wa kengele, na watu wanatoka mbali kuja kuyapanda kwa kamba. Mjini hapo kulikuwa na kikundi kimoja tu kilichoruhusiwa kuwapandisha wageni, na binti huyu alitaka kuingia humo kwa moyo wake wote. Tangu yuko darasa la nne alikuwa anaparamia mawe peku, mama yake chini anapiga kelele ashuke. Hakuna kazi nyingine aliyoijua vizuri namna hiyo. Akiikosa hiyo, basi.

Sasa, kupanda mwamba kuna kiatu chake. Ni kiatu chepesi, soli ya mpira, hakivaliwi na soksi, na kinatakiwa kiushike mguu barabara. Kikipwaya, mguu unazunguka ndani yake na unateleza. Kikibana kupita kiasi, vidole vinakufa ganzi, na mtu asiyevisikia vidole vyake hajui kama amekanyaga jiwe au amekanyaga hewa. Kwa hiyo namba ya kiatu si urembo, ni uhai wa mtu. Tunakwenda pamoja?

Kikundi kile kilikuwa na sheria yake. Mwanachama mpya anaulizwa, unavaa namba ngapi? Akishataja, mwenyekiti anatoa mbili. Unavaa arobaini na tatu, unapewa arobaini na moja. Unavaa arobaini, unapewa thelathini na nane, kutoka kwenye sanduku la kikundi. Watu wa mjini wakawaita Toa Mbili, na wao wala hawakukasirika, wakaliandika jina hilo mgongoni kwenye fulana zao. Ukikutana nao sokoni unawatambua kwa mwendo. Wanachechemea wote, tena kwa maringo!

Binti alivaa arobaini. Akapewa thelathini na nane. Alijitahidi wiki tatu nzima. Kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, halafu ikang'oka. Siku moja, yuko juu kabisa, akakanyaga mahali alipodhani pana jiwe, kumbe hapana kitu. Kamba ikamdaka. Akaning'inia pale, na aliposhushwa chini hakulia. Alivua viatu, akavibeba mkononi mpaka kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nimevirudisha."

"Marahaba. Kwa hiyo umeacha?"

"Sijaacha. Nimerudisha viatu tu."

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu ambaye ameshaamua. "Mwanangu, hapa hakuna ambaye hakuumia. Mimi mwenyewe kucha zangu ziko wapi? Muasisi wetu alilipanda jabali kubwa kwa kiatu kilichompungua namba mbili, akafika kileleni vidole vinatoka damu. Wewe ni nani mpaka upande kwa raha?"

"Sitaki raha," binti akasema. "Nataka kuvisikia vidole vyangu."

Akatoka hapo akaenda mnadani, kwenye mitumba. Alikwenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku, maana asubuhi mguu unadanganya. Muuzaji akamtolea arobaini na mbili. "Chukua hiki dada, hiki hakikuumizi hata kidogo." Akakivaa, kisigino kikacheza ndani. Akakataa. Msisahau hapo, nitaparudia: alikataa na hicho pia. Akapekua mpaka akapata arobaini. Vidole vilifika mbele vikajikunja kidogo tu, kisigino kikatulia. Kilimkamata, lakini hakikumtesa. Akaondoka nacho.

Siku ya mtihani wa kupewa kitambulisho cha kikundi ikafika. Katika kazi ile hakuna anayepanda peke yake. Wewe uko juu, mwenzako yuko chini amekushikia kamba. Na Toa Mbili walikuwa na sheria ya pili: asiyevaa kiatu cha sandukuni hashikiwi kamba. Binti akaja, akajifunga mkanda, akasimama chini ya jabali. Kamba yake ililala chini kwenye mchanga. Kila mtu aliiona, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Nenda nyumbani," mwenyekiti akamwambia.

"Siendi."

"Nani atakushikia kamba?"

"Sijui. Lakini siendi, na kile sikivai."

Akakaa juu ya jiwe, arobaini yake mguuni. Wenzake wakapanda mmoja mmoja mbele ya macho yake, nyuso wamezikunja kwa maumivu. Mmoja wao alipokuwa anampita akamnong'oneza, "Vaa tu, dada. Ukishapata kitambulisho utakivua." Ndugu zangu, huyo wa kunong'ona hamumjui? Si yuko kila mahali? Binti alimjibu kwa sauti, wote wasikie: "Nikikivaa leo, kesho mimi ndiye nitakayemvisha mwingine!"

Mchana akaletwa mgeni rasmi wa kugawa vitambulisho, naye hakuwa mwingine ila yule muasisi. Alikuwa amehamia mkoa mwingine miaka ishirini iliyopita. Alikuja na makubazi, na vidole vyake vilikuwa vimepandana hovyo hovyo. Mbele yake walikuwa wameweka meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa kile kiatu chake cha zamani, kile cha jabali kubwa, ambacho siku zote kinakaa ofisini kwenye kabati la kioo.

"Yule binti mbona hapandi?" mzee akauliza.

"Amekataa kiatu, mzee wetu. Ameikataa njia yako."

"Njia yangu ipi?"

"Ya kutoa mbili."

Mzee akakichukua kile kiatu pale mezani, akakigeuza, akaanza kucheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Nani aliwaambia mimi nilikichagua hiki? Mwaka ule viatu vya kupandia viliingia mji huu jozi moja tu, ndani ya balo la mitumba. Mimi navaa arobaini na mbili. Hiki ni arobaini. Nilikivaa kwa sababu hakukuwa na kingine! Kila siku nilikuwa namwomba Mungu anipe arobaini na mbili. Na nyinyi miaka yote hii mnawanyima watu kitu ambacho mimi nilikuwa nakiomba?"

Mwenyekiti alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Mzee akaenda akichechemea mpaka kwenye mchanga, akainama, akaiokota ile kamba.

"Mikono yangu bado mizima. Panda, mjukuu wangu."

Akapanda. Akaenda jiwe kwa jiwe mpaka juu, na kila alipokanyaga, alijua amekanyaga nini.

Pigeni makofi, pigeni, nimewasikia. Haya, sasa nyamazeni.

Mmempigia makofi kwa sababu kila mmoja wenu anajiona ndiye yule binti. Hata mimi nilipokuwa nauandaa mfano huu nilijiona binti. Wapendwa, tusidanganyane. Sisi si yule binti. Sisi ndio tunaolikalia sanduku la viatu.

Hapa kanisani kwetu tuna sheria kwamba mtoto habatizwi kama baba yake hajasimama naye mbele. Nimeitafuta sheria hiyo kwenye katiba ya kanisa. Haimo. Nikaenda kwa mama yetu mmoja mzee, aliyekuwa katibu wa baraza enzi hizo, nikamuuliza imetoka wapi. Akacheka kama alivyocheka muasisi. Akaniambia, "Mchungaji, miaka ile wanaume walikuwa wanabaki nje wanapiga soga mpaka ibada inakwisha. Tukasema basi, siku ya ubatizo baba aje mbele, walau siku hiyo moja aingie ndani."

Mmesikia? Iliwekwa ili kumwingiza mtu ndani. Sisi tunaitumia kumweka mtoto nje. Na tunajisifu kwamba tunalinda njia ya wazee wetu!

Najua yuko anayesema moyoni, mchungaji leo anataka kila mtu avae kinachopwaya, kanisa liwe holela. Niliwaambia msisahau mnadani. Binti alikikataa kiatu kinachopwaya. Na yuko mama hapa kwetu, ambaye mtoto wake tumemkatalia ubatizo; amesoma mafundisho yote ya ubatizo, hakukosa hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe, mtoto mgongoni. Hajaomba apunguziwe chochote. Ameomba kamba ishikwe, basi.

Baraza lilikaa Jumatano likasema hapana. Baba wa mtoto alishaondoka, na hakuna anayejua alipo. Sasa tumwadhibu nani, yeye aliyekimbia au huyu aliyebaki?

Mama huyo yuko nje sasa hivi. Amekaa kwenye ngazi na mtoto wake tangu kengele ya kwanza, ananisikia kwenye spika. Nilimwomba ruhusa niliseme jambo hili mbele yenu. Akanijibu, "Sema, Mchungaji. Mimi siondoki."

Maji yako pale kwenye bakuli, nimeyamimina mwenyewe asubuhi. Sikumwomba mtu ruhusa kuyamimina, na siombi sasa. Ninashuka hapa mimbarini, nakwenda kumchukua mlangoni. Mzee wa kanisa anayetaka kunizuia, mlango ni ule mmoja, akasimame pale, nitamkuta.

Ila kabla hajasimama, avue viatu, tuvione vidole vyake.