Njuga za Siwatu

Paukwa! Ah, mbona mnaitikia kama mmeiba sukari? Paukwa! Haya, sasa mmeamka.

Zamani, wajukuu zangu, kabla mahindi hayajajua kuota ndevu, palikuwa na mji uliocheza ngoma ya mavuno kila mwaka, na mwamuzi wake alikuwa Bi Mgeni. Akisema nzuri, ni nzuri. Akisema mbaya, mchezaji huvua njuga miguuni, akampelekea mlangoni, asicheze tena maishani. Ndiyo mila yao.

Mwaka huo akaingia uwanjani Siwatu, binti wa marehemu Mwanahawa, aliyekuwa shoga wa Bi Mgeni tangu utotoni. Bi Mgeni akakaa mbele, roho juu. Msichana akaanza. Akajikokota. Akashika kiuno. Akasimama, akahema, akajikokota tena.

"Ala! Hii nayo ngoma?" Bi Mgeni akafyonza. "Mama yake angelia!"

Akanyanyuka, huyoo, nyumbani. Njiani kila aliyemuuliza alimjibu, "Mbovu, mwanzo hadi mwisho." Mwisho! Mwisho aliuona wapi, jamani?

Jioni, hodi. Siwatu huyo, macho mekundu, njuga mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Ulijikokota kama mgonjwa, mwanangu."

"Nilimcheza mama. Mwanzo, alivyougua." Akazitazama njuga. "Mwisho, mlivyokuwa mkicheza naye usichanani. Alinifundisha akiwa kitandani, kwa vidole tu. Akasema, 'Mgeni akiiona, atanikumbuka.'"

Lo! Miaka yote Bi Mgeni alimlilia shoga yake, na siku aliyoletewa, kampa kisogo.

"Nichezee, mwanangu."

"Wapiga ngoma hawapo."

"Makofi ninayo."

Akapiga magoti, akamfunga njuga mwenyewe. Msichana akajikokota, akashika kiuno. Safari hii bibi hakunyanyuka. Kisha bega likainuka, mguu ukazunguka, na Mwanahawa huyo, mzima, anacheka uani!

"Shoga yangu," Bi Mgeni akasema, machozi yakimtiririka, makofi hayakatiki. "Shoga yangu, nilikimbilia wapi mimi?"

Kesho yake Bi Mgeni akapita kwa wote aliowaambia ngoma ni mbovu, akakiri kuwa mwisho hakuuona.

Wajukuu zangu, ngoma ikikuchosha, ondoka. Hakuna atakayekufunga kamba. Ila ukiulizwa, sema, "Niliondoka." Usihukumu ulichokipa kisogo.

Hapo kisa changu kimetua mzigo. Kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa kichungu, niachieni mwenyewe. Lakini wewe uliyesinzia hapo katikati, wewe nyamaza!