Makiwa ya Mama Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Mlioko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika. Watoto kaeni mbele. Wakubwa msiondoke, ngano hii ina fungu lenu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Kikokoni. Ulikuwa kando ya hori, pale maji ya chumvi yanapoingia nchi kavu na kutoka, yanaingia na kutoka. Kote ilikuwa mikoko. Mikoko mbele, mikoko nyuma, mizizi imesimama matopeni kama miguu ya watu wengi. Bahari ikija na hasira zake ilikuta mizizi, ikachoka, ikarudi ilikotoka. Wanyama wa Kikokoni wakalala usingizi.

Chini ya mkoko mmoja mkubwa aliishi Kaa. Alikuwa mjane, hana mtoto, wala hakuwa mtu wa maneno mengi. Juu ya mkoko huohuo aliishi Kima na binti yake mdogo, Kidawa. Kwa ajili ya mtoto huyo mji mzima ulimwita Kima Mama Kidawa. Na Kidawa alikuwa mtundu. Maji yakipwa, aning'inie tawi la chini, auingize mkia wake shimoni kwa Kaa, autikise. Kaa ajifanye amekasirika, aubane kidogo, kidogo sana. Mtoto acheke mpaka aanguke matopeni. Pwata! Kaa hakumwambia mtu, lakini siku ambayo mkia haukuja, ile siku haikumwendea vizuri.

Basi mwaka mmoja ikaja tufani.

Asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi kama tako la chungu. Mchana upepo ukaanza. Vuuu. Ukapumzika. Vuuuu. Haukupumzika tena. Kaa akachimba, akashuka chini, akachimba, akashuka. Juu yake alisikia mizizi inakatika, kwacha, kwacha, kwacha. Akasikia maji yanapita pasipo njia ya maji. Akasikia sauti ya Kima ikiita jina moja, mara nyingi, kisha asiisikie tena. Kaa akajikunja ndani ya tope, akangoja kufa.

Hakufa. Alipotoka, jua lilikuwa linawaka kana kwamba halikujua lolote. Mikoko haikuwapo. Mingine ililala kifudifudi, mingine ilikuwa imekwenda baharini na mizizi yake. Kisima cha maji matamu kilijaa chumvi. Samaki walikuwa wamekufa juu ya miti iliyolala, na ndege walikuwa wamekufa chini. Mkoko mmoja tu ulisimama, mkoko wa Kaa na Kima. Kima alikuwa juu, ameukumbatia kwa mikono na miguu, macho yakiwa wazi. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Wimbi lilikuwa limemnyang'anya mtoto.

Wanyama waliobaki wakakusanyika. Hawakuwa wengi. Kila mmoja aliuliza habari za wake, na kila mmoja aliogopa kujibiwa. Wakazika waliopatikana. Wakawekeana matanga, wakapeana mkono wa makiwa, nyumba hata nyumba. Kwa Kima hawakwenda, maana Kima alisema hana msiba. Alisema Kidawa ni mwepesi, anajua kuogelea, maji yamempeleka mbali na maji yatamrudisha.

Siku zilezile Korongo akaja kwa Kaa. Korongo ana miguu mirefu, hufika kusikofikika. Alisimama akainamisha shingo. Mwishowe akasema alimwona Kidawa kule mwisho wa hori, katikati ya magogo, na kwamba hakuwa hai. Kaa akauliza kama ana hakika. Korongo akasema ana hakika.

Walikwenda wakamzika, Kaa, Korongo na jirani yao Kenge, juu ya tuta la mchanga. Kaburi lilikuwa dogo mno. Walipomaliza, Kenge akasema Kima asiambiwe kwanza. Hajala, hajalala; akiambiwa leo atakufa juu ya mti. Aachwe apate nguvu, ataambiwa kesho. Korongo akakubali. Kaa akatazama lile kaburi, akakubali.

Kesho ikafika. Wakasema kesho. Nayo ikafika, wakasema kesho. Mnaijua kesho ilivyo, haiishi.

Kila kulipopambazuka Kima alipanda kwenye kilele cha mkoko akaimba kuelekea baharini:

*Kidawa ee, Kidawa,*
*maji yamepwa, njoo.*
*Mti wetu umesimama,*
*njia unaijua, njoo.*

Na Kaa alikuwa chini yake, shimoni, akisikia kila neno. Alijaribu kuhama. Akachimba mbali, lakini wimbo ulimfikia. Akarudi palepale. Aliona ni adhabu yake kuusikia.

Haikuchukua muda mji mzima ukajua, mmoja akimnong'oneza mwenzake. Na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwita Mama Kidawa. Jina lile liliwaunguza ulimi. Walimwita Kima tu, kisha wakapunguza hata hilo, kisha wakaanza kupita mbali na mti wake. Walidhani wanamwonea huruma. Kima yeye aliona watu wanampa kisogo, asijue amekosa nini.

Sasa sikilizeni lililofuata. Bila mikoko, bahari haikuwa na wa kuizuia. Kila mwezi maji makubwa yalipokuja, yale ya bamvua, yalikula nchi. Bamvua la kwanza likala njia. La pili likala shimo la Nguchiro, akahamia nyuma na watoto wake wachanga, wakalala juani. Baadhi ya jamaa wakafunga virago wakaenda bara wasikomjua mtu. Waliobaki wakatazamana, kila mmoja akijiuliza nani atafuata.

Dawa ilijulikana. Ni kupanda mikoko upya. Lakini mbegu zitoke wapi? Kikokoni nzima mbegu zilikuwa kwenye mti mmoja tu, zinaning'inia ndefu kama vidole. Zilizoanguka zenyewe zilichukuliwa na maji, maana hapakuwa na mizizi ya kuzishika. Ilibidi zichumwe, zipelekwe, zichomekwe matopeni moja moja.

Na Kima hakutaka mti wake uguswe.

Siku moja Kima alikuwa ufukweni akitazama maji. Kenge akasema imetosha, akaukwea mti. Akafika kwenye mbegu, akaanza kukata. Kima akamwona. Alikuja mbio, akapanda, akamshukia Kenge kwa meno. Wakagaragazana matawini. Kenge akaanguka, pu, bega linavuja damu. Mji mzima ukakusanyika chini ya mti.

Kima akawaambia kutoka juu, anahema, "Kidawa akirudi akaukuta mti huu uchi, atajuaje kuwa ni kwao?"

Korongo akatazama miguu yake. Kenge, aliyekuwa na hasira, hasira ikamtoka, akainuka akaenda zake. Mmoja mmoja wakaondoka. Kima akabaki juu, amezikinga mbegu kwa kifua chake.

Kaa hakuondoka. Alikaa kwenye mlango wa shimo lake akafikiri. Akaona kwamba mji unakufa. Akaona kwamba si bahari peke yake inayouua. Wao watatu walikuwa wamezika mtoto na wameuzika na ukweli, na sasa hakuna mwenye uso wa kumwomba mama yule kitu chochote. Na yule mama, mji umejaa majirani, naye yuko peke yake kuliko mtu aliye jangwani.

Kaa akaanza kupanda. Hakuwa mpandaji. Kwa, kwa, kwa, akaparamia gome. Aliteleza, akashika, akateleza, akashika. Alipofika juu, Kima alikuwa amekaa akitazama baharini.

Kaa akasema, "Mama Kidawa."

Kima akageuka. Ilikuwa muda mrefu tangu aitwe hivyo.

Kaa akasema, "Makiwa, jirani yangu."

Kima akamtazama sana. Akauliza, "Kafa nani?"

"Kidawa. Korongo alimkuta kule mwisho wa hori. Tumemzika."

"Lini?"

"Siku zile za mwanzo."

Maji yalikuwa yamepwa. Kima akasema taratibu, "Na kila asubuhi ulikuwa unanisikia nikimwita."

"Nilikuwa nakusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kima akampiga kofi moja. Kaa akaanguka kutoka kileleni, akagonga tawi, akagonga jingine, akafika chini, kacha, gando lake likavunjika. Hakulia. Alikaa palepale matopeni, maana hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Juu yake hakusikia kilio. Jua likasogea. Mwisho Kima akashuka, polepole kama mtu mzee, akasimama mbele yake.

"Nipeleke," akasema.

Wakaenda. Mmoja anachechemea, mwingine anamfuata. Walipofika kwenye tuta, Kaa akamwonesha. Kima akapiga magoti. Akaupapasa mchanga kama unavyompapasa mtoto aliyelala ili asiamke. Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio ambacho kilikuwa kimekaa ndani yake tangu tufani, na kilio kile kikasikika Kikokoni yote.

Wakaja. Wa kwanza alikuja Korongo, akainamisha shingo mpaka mdomo ukagusa mchanga, akasema makiwa. Akaja Kenge na bega lake lililoraruka, akasema makiwa. Akaja Nguchiro na watoto wake. Wakaja wote. Kima hakuwasamehe siku ile, na hawakumwomba awasamehe. Walikaa naye tu. Wakaweka matanga kama yanavyowekwa. Wakasimuliana habari za Kidawa, utundu wake, mkia wake. Kaa naye akasimulia alivyokuwa akiubana. Kima hakuwa amewahi kuijua habari ile. Alimtazama Kaa, akatazama gando lililovunjika, akasogea, akampa nafasi pembeni yake.

Matanga yalipoanuliwa, Kima akauliza maji ya bamvua yanafika wapi siku hizi. Korongo akamwonesha kwa mdomo. Yalikuwa yanafika karibu na tuta, na kila mwezi yanasogea. Kima akaelewa. Akarudi kwenye mti wake. Akapanda mpaka kileleni, akaushika kwa mikono yote miwili, akautikisa. Mbegu zikaanguka, pu, pu, pu, pu, kama mvua ya kwanza. Hakuacha mpaka mti ulipobaki uchi.

Wakapanda. Kenge alichimba kwa kucha. Korongo alichomeka mbegu kwa mdomo. Nguchiro alibeba. Kaa, kwa gando moja, alifinyanga tope kila mbegu ilipochomekwa. Kima alianzia kwenye kaburi la mwanawe, mbele yake, mstari juu ya mstari.

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba bahari iliona ikarudi nyuma. Haikurudi. Mkoko haukui kwa mwezi mmoja. Bamvua likaja, mbegu zilikuwa bado changa, na maji yakapanda tuta. Mji mzima ulisimama mbali ukitazama, haukuwa na la kufanya. Maji yalipopwa, tuta halikuwapo. Kaburi la Kidawa lilikuwa limekwenda.

Kaa aliona Kima akiondoka pale. Akasema moyoni, basi, tumempoteza. Huyu atakwenda bara kama wale wengine, na nani wa kumlaumu? Akakaa shimoni mwake akasikiliza. Kulipopambazuka hakusikia mtu juu ya mti. Kaa akatoka kumtafuta walau amuage.

Alimkuta matopeni. Kima alikuwa anaokota mbegu zilizong'olewa na maji, anazisafisha, anazichomeka upya. Lakini hakuwa pale palipokuwa na kaburi. Alikuwa upande mwingine kabisa, mbele ya shimo jipya la Nguchiro.

Kaa akamkaribia.

Kima hakuinua kichwa. Akasema, "Watoto wa huyu wanalala karibu na maji mno."

Kaa akaanza kufinyanga tope.

Nyingi zilikufa mbegu zile. Walipanda nyingine, nazo zikafa nusu. Lakini nusu ikashika. Miaka ikapita, mizizi ikatoka, ikasimama. Waliokwenda bara, baadhi walirudi, baadhi hawakurudi. Kikokoni haikuwa kama zamani. Watoto wa Nguchiro walikua na wakazaa wao, na hao wajukuu walicheza kwenye ile mikoko bila kujua ilitoka wapi. Kima hakupata mtoto mwingine. Alizeeka akiitwa Mama Kidawa, na alipoitwa aliitika.

Sasa mafunzo yake nayasema wazi, asiondoke mtu akikuna kichwa. Mfiwa asifichwe msiba wake. Huruma inayoficha ukweli humwacha mtu peke yake, na mji uliovunjika hausimami ikiwa mmoja wa watu wake ameachwa peke yake. Mwambieni, mlieni naye, ndipo mjenge.

Na hadithi yangu naiacha hapo, matopeni, maji yakiwa yamepwa.