Mkasi wa Tusekile

Fundi cherehani mmoja wa Tukuyu, jina lake Ambilikile, alirithi kwa baba yake sanduku la michoro ya nguo. Michoro yenyewe haikutoka sandukuni. Kazi ikija, mchoro ulinakiliwa kwenye karatasi ya kaki, na shangazi yake, Tusekile, akaikata nakala kabla haijafika kwa washonaji. Alitoa vipande vya katikati, akaunganisha kingo kwa gundi, akapunguza na ncha. Maana marehemu baba yake alichora kwa mkono mpana, akiacha ziada nyingi, na washonaji wale walishona chochote walichowekewa mbele.

Ambilikile alimheshimu mno baba yake. Kila alipofagia vile vipande, moyo ulimuuma. Binti yake wa pekee, Atupele, alipokaribia kuolewa, akaona sasa yatosha: gauni lake lingeshonwa kwa mchoro wa babu mzima mzima.

“Shangazi, unamkatakata baba yangu,” alisema, akamnyang'anya mkasi.

“Mwanangu, mimi natoa kile kisicho gauni,” alijibu Tusekile, akaenda zake kuchambua maharage.

Asubuhi ya harusi Atupele alilivaa. Kiuno kilikuwa magotini, mikono imepita vidole. Hakulia. Alikaa kitandani akasema hatoki, na huko nje watu wa bwana harusi walikwisha kuanza kuimba. Ambilikile alikagua kitambaa, akakagua uzi, akakagua mchoro wa baba yake. Vyote vilikuwa sawa. Hapo akaelewa. Alimpelekea shangazi mkasi kwa mikono miwili.

“Nilidhani utakuja jana,” alisema Tusekile, na tayari alikuwa anafumua gauni.

Ndugu zangu, hamira mnayotia kwenye unga ni viumbe hai, na ndani ya kila chembe hai yake kuna duka la ushonaji kama hili. Neno la uhai, yaani DNA, limetunzwa sandukuni. Nakala yake hutoka na ziada, na kuna kimeng'enya, mkasi aliouweka Muumba, kinachoikata kabla haijafanyiwa kazi. Kiondoe, na lile neno la sandukuni litabaki zima, lakini chembe itadhoofika, na unga wako hautaumuka.

Nawe nyumbani mwako yupo anayekupunguzia ziada, na ulikwisha kumnyamazisha. Nakuomba, leo hii mrudishie mkasi wake.